Jioni Kometi Tweve Ilipopasuka

1

Dkt. Subilaga Mwambene alikuwa na desturi ya kukalia kila kiti kabla wageni hawajaingia. Ukumbi wa watazamaji wa Kituo cha Anga cha Nyalusi, juu kabisa ya uwanda wa Kitulo, ulikuwa na viti vilivyopangwa kwa ngazi kama vya uwanja wa mpira, na kila kiti kilikuwa na miwani yake nzito iliyoning'inia kwenye mkono wa chuma. Alikaa, akashusha miwani, akatazama, akapangusa vioo kwa upindo wa kitenge alichojifunga juu ya suruali kwa ajili ya baridi, kisha akahamia kiti kinachofuata.

"Daktari, kompyuta imeshazikagua zote," Oswin Mahenge alimwambia kupitia spika ya chumba cha mitambo. Oswin ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kituo, mtu mpole wa Makete aliyevaa kofia ya sufu hata akiwa ndani.

"Kompyuta haiketi," Subilaga alijibu. "Mtu ametoka Songea na wazazi wake, halafu apewe kiti kinachomwonyesha ukungu?"

Nje, watu walikuwa wamekwisha kuwa wengi. Mabasi yalikuwa yameegeshwa mpaka kule chini kwenye mashamba ya viazi. Wengine walitandika mablanketi katikati ya maua ya uwandani, wakamenya mayai, wakamiminiana chai. Wote walikuwa wamekuja kuona kometi, nyota yenye mkia. Ilikuwa inapita karibu na Dunia kuliko kometi yoyote iliyowahi kukumbukwa na waliokuwa hai, na jioni hiyo ndiyo ingekuwa karibu zaidi.

Kuiona kwa macho matupu lilikuwa jambo gumu. Anga la siku zile lilikuwa limejaa. Setilaiti zilipita juu asubuhi na jioni kwa makundi, moja ikiisukuma nyingine, na jua lilipozipiga zilichora mistari myeupe kila upande. Watoto wa shule wakiambiwa wachore usiku, walichora mistari kwanza, ndipo nyota zikafuata pale palipobaki nafasi. Ndiyo maana kituo kilinunua Kikamilishi. Chombo hicho kilipokea mwanga wa darubini kubwa, kikaifuta mistari ya setilaiti, kikaziba matundu yaliyobaki kwa hesabu zake, kisha kikapeleka picha safi kwenye miwani ya kila mtu. Kilijua kometi ilipaswa kuwa wapi, ing'ae kiasi gani, mkia uelekee wapi. Kilichokuwa hakijulikani kilipojitokeza, kilihesabiwa kuwa uchafu, kikafutwa pamoja na mistari.

Sheria iliruhusu viraka. Ila ilidai kwamba kiraka kikizidi nguo, yaani hesabu zikizidi mwanga wa kweli, taa ya njano iwake juu ya jukwaa na watu watangaziwe. Taa ile ilikuwa imewaka mara moja tu tangu Subilaga awe mkuu wa ukumbi. Siku hiyo nusu ya watazamaji waliinuka wakaondoka, na wengine waliondoka wakisema waziwazi kwamba wameletwa kutazama katuni.

Alipomaliza viti, alitoka nje kupata jua kidogo. Hapo ndipo alipoiona pikapu ya kijani ikiacha barabara na kuingia kwenye nyasi, nje kidogo ya uzio. Mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua alishuka, akafungua nyuma, na watu wawili watatu wakamsaidia kushusha bomba la darubini ya zamani.

Subilaga aliijua darubini ile. Aliwahi kulala nayo ndani ya lori moja, yeye upande huu na Ezelina Tweve upande ule, walipokuwa wasichana wanaozunguka mashule ya Njombe na Rungwe kuwaonyesha watoto pete za Zohali. Siku za watazamaji zilianzia pale, kwenye lori lile. Kituo kilipojengwa, wote wawili waliajiriwa. Kikamilishi kilipokuja, Ezelina alivaa miwani mara moja, akaivua, akasema, "Hii inanionyesha ninachokijua tayari." Mwaka haukuisha akaacha kazi.

Subilaga aliusogelea uzio.

"Eze. Umekuja."

"Ina jina langu, Subi. Nisije?" Ezelina alicheka, lakini alicheka akiangalia skrubu aliyokuwa akiikaza.

Ni kweli, iliitwa Kometi Tweve. Miaka ile wakiwa bado pamoja, Ezelina aliikuta kama doa hafifu kwenye picha za darubini, siku ambayo zamu ilikuwa yao wote wawili. Subilaga alikuwa ameomba ruhusa kwenda Tukuyu kwenye harusi ya binamu yake. Hakuwahi kusema lolote kuhusu jambo hilo. Alimpongeza rafiki yake, wakakumbatiana, wakanywa soda. Lakini kila aliposoma jina la kometi hiyo kwenye mabango aliyoyaandaa mwenyewe, kitu kidogo kilimkwaruza ndani, naye alikuwa amezoea kukwaruzwa hivyo.

"Nimekuwekea kiti mstari wa mbele," alisema.

"Ahsante. Nitatazama hapa hapa. Na yeyote anayetaka kuja na aje, sitoi watu kwako."

"Hutaona kitu. Kuna kundi jipya la setilaiti linapita magharibi jua likizama. Litakuwa kama mvua."

"Katikati ya mvua huwa kuna nafasi," Ezelina alisema. "Ukitulia."

2

Jua lilipogusa ukingo wa uwanda, ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazi za katikati. Subilaga alipita kati ya viti akiwasaidia wazee kufunga mikanda ya miwani. Kwenye mstari wa tatu alimkuta mzee mmoja aliyejifunika blanketi la mistari myekundu, na binti yake akimrekebishia kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe daktari mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Mimi Leveri Kyando, wa Ilembula. Huyu binti yangu Edna. Nimesumbua watu nyumbani mwezi mzima. Nimewaambia nikifa sijaiona hiyo nyota, nitarudi kuwasumbua tena."

"Baba!" Edna alisema, akimwomba Subilaga radhi kwa macho.

"Jicho moja hili limefanyiwa upasuaji, linaona vizuri tu," mzee aliendelea. "La pili ni la kupumzikia."

Subilaga alicheka, akamfungia mkanda, akapanda jukwaani. Taa zilizimwa. Watu wakashusha miwani.

Kometi ikatokea.

Hata yeye, aliyeijua kwa tarakimu kama mtu anavyowajua watoto wake, alishusha pumzi. Kichwa cha kometi kilikuwa cha rangi ya samawati iliyopauka, na mkia ulipanda kutoka upeo wa macho mpaka karibu na utosi wa anga, umepinda kidogo kama unyoya. Ukumbi mzima ulitoa sauti moja. Kwenye mstari wa tatu Mzee Leveri alikuwa ameinua mkono mmoja mbele yake, vidole vimefunguka, na machozi yalimtiririka chini ya miwani.

"Daktari." Ilikuwa sauti ya Oswin, kwenye kifaa cha sikioni mwake. "Lile kundi limeingia. Mwanga tunaopata umeshuka sana. Nguo imekwisha, tumebaki na viraka. Taa inawaka sasa hivi."

Aligeuza shingo. Juu ya jukwaa taa ya njano ilikuwa inaanza kupata joto, bado nyekundu-nyekundu kama kaa la moto. Watu walikuwa na miwani, hakuna aliyeiona. Lakini tangazo lingefuata lenyewe, kwa sauti ya mashine, kwenye kila sikio.

"Izime," alisema.

"Daktari?"

"Zima taa na tangazo. Kundi litapita, mwanga utarudi. Kometi yenyewe iko pale, Oswin, haijaenda kokote. Tunawaonyesha kitu kilichopo."

Kisha taa ikafifia. Subilaga aliwatazama watu wake waliokuwa wameinua nyuso, wengine wameshikana mikono, na moyo wake ukamwambia kwamba amefanya hisani.

Haukupita muda mrefu, kelele zikasikika kutoka nje. Kwanza alidhani watu wanashangilia. Kisha akasikia neno lenyewe, likirudiwa na sauti nyingi upande wa uzio: "Imepasuka! Imepasuka!"

Ukumbini baadhi ya watu walivua miwani wakageuka. Mlango wa pembeni ukafunguka, Ezelina akaingia akihema, viatu vyake vimejaa umande. Hakuja jukwaani. Alisimama pale chini na kusema kwa sauti ya kawaida, ile ya zamani ya ndani ya lori.

"Subi, imekatika. Kiini kimekatika. Vilikuwa viwili, sasa cha nyuma nacho kinagawanyika. Njoo uone kabla haijazama. Njoo haraka."

"Huku ni nzima," Subilaga alisema.

"Huko ni hesabu. Toka nje, mara moja tu, uweke jicho lako mwenyewe."

Darubini ilikuwa pale nje, umbali wa kurusha jiwe. Baadaye, kila alipolifikiria jambo hili, Subilaga alirudia hapo hapo. Hakuna kilichomzuia. Angeweza kumwambia Oswin ashike kipaza sauti, akatoka, akaona, akarudi. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Akitoka, atakuwa amewaambia kwamba miwani yao si ya kuaminika, na mtu wa kwanza atauliza taa ya njano iko wapi. Na ndani kabisa, chini ya hayo yote, kulikuwa na kile kitu kidogo kinachokwaruza. Kometi yake, jina lake, na sasa hata kupasuka kwake kuwe kwa Ezelina peke yake?

Akainua kipaza sauti.

"Ndugu watazamaji, naomba tutulie. Kometi ni nzima, mnaiona wenyewe. Huko nje kuna darubini ya zamani isiyo na Kikamilishi, na mnajua mambo ya setilaiti. Kwa mistari ile mtu anaweza kuona hata ng'ombe angani."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu walioondolewa wasiwasi. Wakashusha miwani yao tena.

Ezelina alibaki amesimama mpaka kicheko kikaisha. Aligeuka, akafunga mlango taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

3

Asubuhi Oswin alikuja ofisini bila kofia. Alibaki amesimama.

"Vituo vya ng'ambo vimeiona leo, Daktari. Vipande vitano. Wanasema imekatika wakati fulani jana, lakini hakuna kati yao aliyekuwa upande wa giza saa ile. Wanauliza sisi tuliona nini."

"Mwanga wetu wa jana upo?"

"Unajua haupo. Kikamilishi kinaweka picha iliyokamilika, mwanga mbichi kinautupa. Tuna picha tu. Kometi nzima, mpaka inazama." Alifikicha macho. "Nadhani vipande viliingia kwenye darubini yetu. Chombo kikaviona, kikasema hivi si vya hapa, kikavifuta."

Dirishani watu wa mwisho walikuwa wanakunja mablanketi.

"Tuwaambie nini?" Oswin aliuliza.

Subilaga alikuwa na njia mbili tu, na zote alizijua vizuri. Aseme kwamba taa ya njano ilizimwa kwa amri yake, kwamba kile walichokiona watu wale wote hakikuwepo angani walipokuwa wakikiona, na kwamba mtu aliyesema kweli alichekwa kwa sababu yake. Au apeleke picha.

Aliwaza juu ya mkono wa yule mzee uliofunguka hewani. Aliwaza juu ya walimu waliochangisha nauli kijiji kizima. Alijiambia kwamba kuwanyang'anya watu wale jioni ile kungekuwa ukatili, na hakuwa akijidanganya kabisa katika hilo. Ukweli kiasi ulikuwemo, ndiyo maana uliweza kubeba na uongo juu yake.

"Peleka picha," alisema.

Basi ikaandikwa kwamba Kometi Tweve ilizama ikiwa nzima katika anga la Kitulo, na kwamba ilipasuka baadaye, wakati ambapo hakuna jicho la mtu lililoitazama. Picha ya Nyalusi ilikuwa ya mwisho kuionyesha nzima, tena ilikuwa nzuri kupita zote. Magazeti yaliichapisha. Iliingia kwenye vitabu vya shule. Ilitengenezewa kalenda, stempu na vitambaa vya meza.

Ezelina alijaribu mara moja. Kulikuwa na mkutano wa wanaastronomia wa Afrika, watu wakizungumza kwa skrini kila mmoja akiwa kwake, naye akaomba nafasi. Alieleza alichokiona kwa utulivu: jinsi kiini kilivyorefuka kwanza kama tone linalotaka kudondoka, jinsi kilivyoachana, jinsi kipande cha nyuma kilivyofifia na kung'aa tena. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu. Kisha akaomba picha ya Nyalusi ya saa ile ile iwekwe mbele ya wote. Ikawekwa.

"Dkt. Tweve, tunakuheshimu sana," mwenyekiti alisema. "Ila tuna kumbukumbu hii hapa. Dkt. Mwambene yuko nasi. Daktari, kuna la kuongeza?"

Katika kisanduku kidogo pembeni ya skrini, uso wa Ezelina ulikuwa unamtazama. Au ulikuwa unaitazama kamera tu. Kwenye skrini huwezi kujua. Haukuwa na hasira. Ulikuwa unasubiri.

"Sina la kuongeza," Subilaga alisema.

Tangu siku hiyo Ezelina hakuonekana tena kwenye mikutano. Watu wa Makete walisema amerudi shambani kwao, analima matufaha.

4

Msimu wa mvua ulipita, maua ya uwandani yakaota na kukauka. Siku moja mchana Subilaga aliambiwa ana mgeni. Alikuwa Edna Kyando, amefunga kilemba cheusi.

"Baba ametutoka, Daktari."

"Pole sana, dada yangu. Pole mno. Lini?"

"Tumemaliza matanga wiki jana. Aliumwa kidogo tu, akalala." Edna aliketi, akaweka mkoba magotini. "Mpaka mwisho alikuwa anaihadithia ile jioni. Kila mgeni aliyeingia ndani lazima asimuliwe. Sasa ndugu tumekubaliana, kaburi tunalijengea, tuweke ile picha juu ya jiwe. Ya kalenda haina ubora. Nimekuja kuomba ile yenyewe, aliyoiona baba."

Ilikuwepo, kubwa, kwenye mashine ya Subilaga. Kuitoa kungechukua muda wa kunywa maji. Alinyosha mkono mpaka kwenye mashine, halafu mkono ukakataa. Alifikiria jiwe. Mvua ya Ilembula itanyesha juu ya jiwe lile, wajukuu watakuja na maua, na uongo wake utakuwa pale umechongwa, juu ya mtu asiyeweza tena kuuliza swali.

"Edna," alisema, "kuna jambo nilipaswa kuwaambia siku ile ile."

Akamwambia. Alimwambia lote, taa, tangazo, amri yake, mlango wa pembeni, kicheko. Edna alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo baba aliona nini?"

"Aliona jinsi ilivyopaswa kuwa. Mwanzoni ilikuwa kweli, mwanga wenyewe. Baadaye ikawa hesabu."

"Wakati watu wa nje wanapiga kelele?"

"Wakati huo ilikuwa hesabu."

Edna alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu.

"Unajua aliniambia nini wakati ule? Alivua miwani akaniambia, 'Edna, huko nje wameona kitu, hebu nishike mkono twende.' Alikwisha kuanza kuinuka. Mimi ndiye niliyemkalisha. Nikamwambia, baba tulia, daktari amesema ni nzima." Sauti yake ilikuwa haijapanda hata kidogo. "Jicho lake lilikuwa linaona, Daktari. Lile lililopasuliwa. Angeiona."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Kwa nini umeniambia mimi? Umewanyamazia watu wote wale, mwaka mzima, halafu unanichagua mimi niliyefiwa nikubebee?" Aliinuka. "Angekuwa hai ungemwambia, angecheka. Namjua. Angekufokea kidogo, angecheka, angekuja tena. Sasa mimi nitamwambia nani?"

Hakuichukua picha. Subilaga alimsindikiza mpaka getini, naye akapanda basi bila kugeuka.

Wiki hiyo hiyo kituo kilikuwa na watazamaji wa sayari ya Zebaki, waliokuja kuiona ikipita mbele ya jua. Ukumbi ulijaa tena mchana ule, na doa dogo jeusi lilikuwa linatambaa juu ya uso wa jua kwenye kila miwani. Subilaga alipanda jukwaani, akawaomba wazivue. Akawaambia watu yale aliyomwambia Edna, kwa maneno yale yale, bila kujipamba. Akamtaja Ezelina Tweve kwa jina. Akaomba radhi.

Hakuna aliyerusha chupa wala kutukana. Mama mmoja wa makamo aliinuka, akauliza, "Na hili doa la leo, ni lenyewe?" Subilaga akajibu kwamba ni lenyewe, taa haijawaka. Mama akaitazama miwani aliyoishika mkononi, akaiweka juu ya kiti kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akatoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakisemezana kwa sauti ya chini kama watu wanaotoka msibani. Mpaka Zebaki inamaliza safari yake, waliobaki ukumbini walikuwa yeye na Oswin.

Kumbukumbu za kometi zilisahihishwa. Kikamilishi kilifungiwa mpaka uchunguzi ukamilike, na uchunguzi haukukamilika upesi. Subilaga aliondolewa kwenye ukumbi. Oswin naye alipewa onyo, ingawa alikuwa ametii tu, na jambo hilo likawa kovu jingine.

5

Alimkuta Ezelina kwenye kibanda cha kuhifadhia matunda, anachambua matufaha na kuyapanga kwenye makasha, mazuri huku, yaliyopigwa na mvua ya mawe kule. Alikuwa amekonda. Alimwona Subilaga mlangoni, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Karibu. Nilisikia ulichofanya."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," Ezelina alikubali.

Subilaga alikaa, akachukua tufaha moja, akaligeuza. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima kutoka Kitulo, na sasa yote yaliona aibu kutoka.

"Wamekubali, Eze. Imeandikwa kwamba wewe ndiye uliyeona. Kwamba ilipasuka saa ile uliyosema."

"Wameniandikia. Walileta na maswali mengi. Kipande cha kwanza kilielekea wapi, kiling'aa kiasi gani ukilinganisha na kile kingine, vilipishana kwa muda gani. Wanataka kuhesabu kilichosababisha. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Waliokuwa nami pale uzioni, mmoja anasema vichwa viwili, mwingine anasema saba, mwingine anasema ilitoa cheche." Alitabasamu kidogo. "Nimeshindwa kuwajibu."

"Kwa nini? Kwenye mkutano ulieleza vizuri kabisa."

"Wakati ule, ndiyo." Ezelina aliacha kuchambua. "Nilijaribu kuichora. Nikakaa na penseli, nikafumba macho ili niione. Unajua kinakuja nini? Inakuja picha yenu. Nzima, ya samawati, na ule mkia kama unyoya. Iko dukani pale kwenye kalenda. Iko kwenye vitabu vya watoto wa dada yangu. Nimeiona kila siku tangu wakati ule, na ile yangu niliiona mara moja tu, kwa jicho moja, huku nimezuia pumzi ili kioo kisipate ukungu. Imefunikwa, Subi. Nachimba, nachimba, napata nzima."

"Lakini ulisema ilirefuka kwanza. Kama tone."

"Nakumbuka kwamba nilisema hivyo. Maneno ninayo. Naweza kuyarudia sasa hivi." Alishika tufaha lililotobolewa na mvua ya mawe, akalisugua kwa kidole gumba. "Ila kuna siku najiuliza kama si ninyi mliokuwa na haki ya kucheka."

"Usiseme hivyo. Ulikuwa sahihi."

"Najua nilikuwa sahihi, imeandikwa. Nilichotaka ni kuwa na mtu mmoja tu aliyeiona pamoja nami, anayejua anachokitazama. Tukae hivi, yeye aseme ilikuwa hivi, mimi niseme hapana, ilikuwa hivi kidogo. Tubishane. Ndiyo maana nilikuja mbio kukuita."

Nje upepo ulikuwa unayumbisha matawi ya mitufaha, na mahali fulani mtu alikuwa anachota maji kwa ndoo. Ezelina aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Subilaga aingie, alimtazama machoni, na katika macho yale kulikuwa na ombi, la kweli kabisa, kama la mtu aliyepotea njia anayemsimamisha mpita njia.

"Hebu nikumbushe," alisema. "Ilikuwaje?"

Subilaga alifungua kinywa amsaidie. Akatafuta, akatafuta tena, kisha akakifunga, maana yeye hakutoka nje.